Sura ya Saba: Aliyekiri kwa Jina la Susana

Nyamoita aliusoma ukurasa wa nne mara tatu, kisha akauweka mezani na kujipangusa vidole kwenye sketi, kama mtu aliyeshika samaki wa juzi.

Karatasi zilikuwa kumi na moja, zimebanwa kwa pini na kugongwa mhuri wa mahakama moja ya wilaya ng'ambo ya mpaka, mkoani Mara, Tanzania. Zilisema kwamba ndoa ya Jeremiah Ogola na Susana Awuor imevunjwa kwa sababu ya uzinzi wa mke na mwanamume aliyetajwa ukurasa wa tano. Kwamba mtoto mdogo, Akoth, mwenye miaka minane, akabidhiwe babake. Na kwamba mke aondoke katika boma lao la kisiwani Rusinga. Jeremiah alikuwa amezipeleka kwa hakimu wa Homa Bay akiomba zitambuliwe na kutekelezwa kana kwamba zimeandikwa hapa hapa Kenya. Ombi lake lingesikilizwa baada ya siku tisa.

Susana mwenyewe alikuwa ameketi ng'ambo ya meza, ofisini kwa Wakili Mirumbe, juu ya duka la nyavu mjini Homa Bay. Alikuwa muuza omena wa miaka thelathini na minane, mikono imekauka kwa jua la kuanikia dagaa hao. Watoto wake walikuwa wawili: Akoth, na Dorine wa miaka ishirini na moja, ambaye alilelewa na shangazi yake Musoma tangu darasa la nne na sasa alikuwa mwanafunzi wa kazi katika duka la dawa Migori.

Wakili Mirumbe, Mkuria mnene mwenye sauti ya chini, alieleza kwamba amekwisha kupiga simu masjala ya kule. Mhuri ni wa kweli, sahihi ya hakimu ni ya kweli, na kesi kweli ilisikilizwa tarehe kumi na nne Machi. Hapakuwa na kughushi popote.

"Hakimu wa kule aliamua alichokiona mbele yake," alisema. "Ninachotaka unitafutie, Sajini, ni alichokiona."

Nyamoita alikuwa ameacha kazi ya upelelezi polisi miaka mitatu iliyopita, baada ya kuitumikia miaka ishirini na miwili, lakini bado kila mtu kutoka Isebania hadi Mbita alimwita Sajini. Aliuchukua tena ukurasa wa nne, akausoma kwa sauti. Yalikuwa maneno ambayo mwenendo wa shauri uliyaweka kinywani mwa Susana: "Mheshimiwa, sina pingamizi na madai ya mume wangu. Ni kweli nilikiuka kiapo cha ndoa, na kwa hiari yangu naridhia mtoto alelewe na babake." Chini yake karani aliandika kwamba mdaiwa amefika mwenyewe, ameongea Kiswahili, na mkalimani hakuhitajika.

Susana alimgeukia wakili.

"Pingamizi ni nini?"

Mirumbe aliacha kugongagonga kalamu. Kwa sauti ile ile ya kusomea karatasi, bila kumtazama Susana, Nyamoita alimwambia wakili kwamba kuna nyigu mkubwa ametua kwenye ukosi wa mama huyu, na sasa anapanda shingoni. Mirumbe aliinua macho kwa haraka. Nyigu hakuwapo, lakini Susana hakutikisika, aliendelea kuvitazama viganja vyake. Kiswahili chake kilikuwa cha bei na salamu, cha kuuzia gorogoro moja, kile kipimo cha mkebe, na kuaga mteja.

Nyamoita akaingia Dholuo, lugha ya Wajaluo, aliyojifunza kwa miaka ya kuhamishwa vituo. Susana alifunguka. Hakuwahi kuvuka mpaka maishani mwake. Tarehe kumi na nne Machi alikuwa sokoni kama siku zote, ila muuza omena hana daftari la kuonyesha alikokuwa. Kitambulisho chake kilipotea sandukuni mwezi huo, kikarudi baada ya wiki mbili, kikiwa chini ya nguo ambazo alikuwa amekwisha kuzipekua. Alipomuuliza mumewe, alimwambia anazeeka.

Kesho yake Nyamoita alivuka Isebania na barua ya wakili. Karani wa ile mahakama, mzee mstaarabu, alimfungulia jalada na kumwacha asome mpaka akatosheka. Ndani mlikuwa na nakala ya kitambulisho cha Susana, safi. Karani alimkumbuka yule mwanamke vizuri kwa sababu ya jino. Alikuwa amejifunga kitambaa kutoka kidevuni hadi utosini, shavu limevimba, na hakimu alimwonea huruma akaharakisha shauri. Mumewe alimshika mkono tangu mlangoni hadi kizimbani, akamshika hadi mwisho. Karani alisema aliuona kuwa ni uungwana, watu wanaoachana bado wanasaidiana.

Nyamoita aliuliza Kiswahili chake kilikuwaje.

"Safi kabisa," alisema karani. "Kuliko cha mumewe."

Basi palihitajika mwanamke wa umbo la Susana, ajuaye Kiswahili kuliko Mjaluo wa ziwani, na aliye karibu na Jeremiah kiasi cha kumkubalia uchafu huo. Wanawake wa soko la Homa Bay walikuwa na jibu tayari. Kulikuwa na Kaltum, mjane kutoka Lamu, mwenye duka la mapazia na magauni mjini Migori, na Jeremiah alionekana dukani humo mara kwa mara. Sokoni walikuwa wamekwisha kumwoza. Nyamoita naye, aliyewauliza aliporudi kutoka mpakani, alikuwa na hakika kazi imekwisha.

Kaltum hakukasirika. Alimpa kiti, akammiminia kahawa, akasema umbeya huo ulimfikia zamani na ulimpotezea wateja. Ogola huja dukani kwa kuwa humpelekea samaki aina ya ngege kutoka ziwani, basi. Tarehe kumi na nne Machi yeye alikuwa Mombasa kwenye harusi ya mpwawe. Alitoa simu na kuonyesha picha moja baada ya nyingine, tarehe zimeandikwa, yeye amesimama katikati ya mashangazi. Hakuna mtu mmoja awezaye kuwa Mombasa na Mara.

Nyamoita alikuwa ameinuka kuaga, ndipo Kaltum akaongeza kwamba siku mbili kabla ya yeye kusafiri, Ogola alikuja kununua gauni.

"Alikuja na msichana," alisema. "Nikamtolea magauni ya rika lake, Ogola akayakataa yote. Akachagua moja la rangi ya udongo, pana, la mtu mzima. Yule msichana akajitazama kiooni, akasema, 'Baba, hili linanizeesha.' Naye akasema, 'Ndilo hilo, lifungwe.' Dada yangu, nimeuza nguo miaka kumi na sita. Sijapata kuona mtu akinunua gauni ili aonekane mzee."

Nyamoita aliuliza ni baba kwa namna gani. Wako wanawake waitao waume zao baba.

"Baba wa kuzaa. Walikuwa na shingo moja. Tena yule mtoto ana adabu za upande wa Tanzania, alipoingia tu aliniamkia shikamoo."

Kahawa ilikuwa nusu kikombe. Nyamoita hakuimaliza.

Duka la dawa lilikuwa mtaa wa pili, mwendo wa dakika tano, na alizitembea kwa dakika kumi na tano. Alitamani awe amekosea. Msichana aliyekuwa nyuma ya kioo alikuwa na urefu wa Susana, mabega ya Susana, na alipoinua uso akasema, "Shikamoo, mama."

"Marahaba," alijibu Nyamoita, akajitambulisha, akaomba waongee faragha.

Waliingia chumba cha nyuma, kati ya maboksi ya dripu. Nyamoita aliuweka ukurasa wa nne juu ya boksi moja, akamwomba ausome. Dorine hakuugusa.

"Nayajua maneno yake," alisema. "Baba alinipa kwenye gari niyakariri."

Baada ya hapo hakuhitaji kusukumwa. Alieleza kwamba babake alimwendea akasema mamake ni mgonjwa, kwamba wamekubaliana kuachana kwa amani, na kilichobaki ni mtu wa kusimama badala yake ili asisumbuliwe na safari. Alikuwa na kitambulisho cha mama mfukoni, na Dorine aliamini kuwa mama ndiye aliyemkabidhi. Pamba shavuni ilikuwa fikra ya baba, na kitambaa pia. Alikariri njia nzima bila kuyafikiria maneno, kama anavyokariri majina ya dawa, mpaka wakawa wamefika na akayafikiria.

"Ukajua nini?" aliuliza Nyamoita.

"Kwamba mama hajayasema. Mama hayajui maneno yale."

"Na ukayasema."

"Alikuwa amenishika hapa." Aligusa juu ya kiwiko. "Karani akaniuliza jina, nikataja la mama. Baada ya jina, mengine yalitoka tu."

Walipotoka mahakamani babake alimpeleka hotelini, akamwagizia samaki wa kukaanga. Akamchambulia miiba kwa vidole vyake, kama alivyokuwa akimfanyia zamani alipokuwa mdogo, akamsogezea minofu upande wake wa sahani. Alipomaliza kunawa ndipo alipomwambia kwamba aliyeapa ni yeye Dorine, si baba. Siku akimtaja babake, atakuwa amejitaja mwenyewe.

Nyamoita aliandika maelezo hayo kurasa mbili, akamsomea, Dorine akatia sahihi. Alionekana kama mtu aliyeondolewa gunia mgongoni. Huko nje Nyamoita alisimama ukingoni mwa mtaro. Hakuwa mtu wa kutema mate barabarani, lakini siku hiyo alitema, na ladha haikutoka. Aliwahi kumhoji mtu aliyemuua nduguye kwa sababu ya ng'ombe, na jioni akala ugali wake. Jioni hiyo, mjini Migori, alipowekewa samaki mbele yake, aliomba waondoe.

Asubuhi yake alimwambia Susana kwa Dholuo, ofisini kwa wakili, pole pole, bila kupunguza neno. Susana aliuliza kama Dorine amekonda. Kisha akauliza atafanywa nini.

Mirumbe, Nyamoita akitafsiri, hakumdanganya. Kuapa kwa jina la mtu mwingine ni jinai, kule na huku. Hakimu anaweza kumhurumia, anaweza asimhurumie. Lakini maelezo haya yakiwekwa mbele ya mahakama, ile hukumu ya talaka haina pa kusimama.

Susana alimjibu kwa Kiswahili chake cha sokoni, ili wakili alisikie kutoka kinywani mwake na si kwa mtu mwingine.

"Mimi nikibaki na nyumba na Dorine aende jela, hiyo nyumba nitakaa na nani? Toa hiyo karatasi. Isiende kotini."

Wakili alibembeleza, akaonya, akamkumbusha Akoth. Susana aliinuka, akajifunga leso vizuri, akasema kama karatasi itaenda kortini, yeye hataenda. Kisha akaketi tena kungoja waseme lingine.

Hapo ndipo Nyamoita alipoielewa kazi ya Jeremiah yote. Alikuwa amedhani yule bwana alimchukua binti kwa sababu ya mabega na urefu. Wanawake warefu wako tele Migori, na wapo ambao wangefanya kazi hiyo kwa ujira. Alimchukua Dorine kwa sababu dunia nzima ni mtu mmoja tu aliyekuwa na haki ya kulalamika, na mtu huyo asingeweza kufungua kinywa bila kumfunga mwanawe. Alimfanya mtoto kuwa kufuli. Na alikaa nyumbani akila vizuri, akijua Susana ni mama wa namna gani.

Mirumbe alikuwa amerudi kwenye karatasi. Alifungua ukurasa wa pili, akaweka kidole. Sheria yetu ya ndoa, alieleza, haitambui kila talaka ya nje. Lazima mmoja wa wanandoa awe na makazi yake ya kudumu katika nchi ile, au awe ameishi huko kwa kawaida miaka miwili kabla ya kufungua kesi. Jeremiah alikuwa ameapa kwamba aliishi Mara miaka miwili na miezi minne.

Susana alipotafsiriwa hilo alicheka kwa mara ya kwanza, kicheko kifupi kisicho na furaha. Jeremiah huenda Mara siku mbili, siku tatu, kuuza samaki. Usiku mwingine wote amelala Rusinga, na nguo zake amezifua Susana mwenyewe. Lakini neno la mke anayefukuzwa ni neno jepesi. Palihitajika la mtu mwingine, lililoandikwa.

Nyamoita alivuka daraja la Mbita kwenda Rusinga siku hiyo hiyo. Katika ofisi ya kamati ya ufuo, inayosimamia wavuvi, alimkuta mwenyekiti, Levi, binamu yake Jeremiah, mtu mzima mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Jeremiah alikuwa katibu wa kamati hiyo kwa miaka mingi, na Nyamoita aliomba kuona vitabu vya mikutano. Levi alisema kwa upole kwamba vimeliwa na mchwa. Nyuma yake vilikuwa vimepangwa rafuni, kila kimoja katika karatasi ya nailoni, vikavu kama mifupa.

Nyamoita hakubishana. Alitoa ukurasa wa tano, akaugeuza uelekee upande wa mwenyeji wake, akamwonyesha mstari wa kusoma. Pale Jeremiah alikuwa ameapa ni nani aliyezini na mkewe. Jina lilikuwa la Levi, limeandikwa kamili, pamoja na la babake na la ufuo wake.

Levi alisoma. Alivua miwani, akaifuta, akasoma tena.

"Mimi ndiye nilisimama naye siku ya harusi," alisema. "Bibi yangu bado anapika na sufuria tulipewa na Susana."

Levi alipanda kwenye kiti, akashusha vitabu vitatu, akaviondoa nailoni kimoja kimoja. Mikutano ya miezi ile ishirini na minane ilikuwa ishirini na minane. Kwa ishirini na sita, kumbukumbu zilikuwa zimeandikwa kwa mkono wa Jeremiah mwenyewe, herufi nzuri za mtu apendaye kusomwa, na sahihi, na tarehe. Levi alisema atavibeba mwenyewe hadi Homa Bay, asimwachie mtu.

Usiku wa kuamkia kesi Nyamoita alimpigia Dorine simu. Alimwambia tu kwamba mamake amekataa atajwe na kwamba wakili ametafuta njia nyingine. Dorine aliuliza kesi ni saa ngapi, akashukuru, akakata.

Jeremiah alifika kortini kwa suti ya kijivu, akawasalimia watu wote kwa mkono, hata Levi. Alikuwa mtu wa kupendeza machoni. Mirumbe alimpandisha kizimbani, akampa kitabu cha kwanza, akamwomba asome mwandiko wake. Alisoma mkutano wa Januari. Akapewa wa Februari. Akapewa wa Machi. Hakimu, mwanamama asiyependa kelele, aliandika bila kuinua kichwa. Kufikia mkutano wa kumi na mmoja sauti ya Jeremiah ilikuwa imefifia hadi akaambiwa aongeze.

Alipoulizwa alikuwaje mkaazi wa Mara na katibu wa Rusinga kwa wakati mmoja, aliweka kitabu chini kwa heshima. Alisema hayo ni mambo madogo ya safari. La maana ni kwamba mkewe alifika kule kwa miguu yake, akakubali kila kitu, na mahakama haiwezi kumrudisha mwanamke kwenye ndoa aliyoikiri kuivunja.

Hakimu alimuuliza Susana, kupitia mkalimani, kama alifika. Susana alisema hakufika.

"Basi ni nani aliyesimama pale?"

Swali lilikwenda kwa Dholuo. Kisha mkalimani akaleta jibu: "Anasema aulizwe mumewe. Yeye ndiye aliyekwenda na mtu huyo."

Hakimu alimgeukia Jeremiah. Na Jeremiah akatabasamu. Halikuwa tabasamu kubwa, pembe tu ya mdomo, lakini Nyamoita aliliona, na alitamani kutazama ukutani. Jeremiah alisema mtu aliyekuwa naye ni mkewe, Susana Awuor, aliyetajwa kwenye karatasi. Kama kuna mwenye kujua mwingine, asimame aseme.

Kwenye benchi la nyuma kabisa, karibu na mlango, Dorine alisimama.

Susana aligeuka. Alisema kwa sauti ya chini, "Bed piny, nyathina," kaa chini, mwanangu, na akarudia. Dorine hakukaa. Hakimu alimwonya kwamba si lazima aseme lolote litakaloweza kumtia hatiani, na anaweza kwanza kupata wakili. Dorine alisema ameelewa.

"Ni mimi, Mheshimiwa. Jina langu ni Dorine. Nilimtaja mama, na nilijua mama hajui."

Tabasamu la Jeremiah lilibaki mdomoni kwa muda baada ya maana yake kutoka. Wakili wake aliomba kuondoa ombi. Hakimu alikataa, akalitupilia mbali, akaamuru vitabu na jalada vipelekwe kwa mwendesha mashtaka. Dorine angeripoti kituoni Jumatatu kuandikisha maelezo. Jeremiah hakungojewa Jumatatu.

Ukumbini, akiwa kati ya askari wawili, hakumtazama mkewe wala bintiye. Aliwaeleza waliokuwa wakipita, mmoja mmoja, jinsi alivyomsomesha mtoto yule kwa jasho lake, na waone malipo yake. Alipofika kwa Nyamoita alinyoosha mkono, akimwomba awe shahidi kwamba anakwenda kwa hiari. Nyamoita aliweka mkono wake mfukoni, akauacha huko mpaka wakashuka ngazi.

Susana alikuwa ameketi kwenye benchi la nje, kapu lake limewekwa kando yake, macho yakitazama mbele. Dorine alisimama hatua mbili kutoka kwake, hajui pa kuweka mikono. Watu walipita katikati yao. Kisha Susana, bado hajamtazama, aliliinua lile kapu kutoka kwenye benchi na kuliweka chini, na Dorine akaketi.